Moshi Ukishaisha

Julai ile jua lilitususia siku tisa.
Ukungu ulishuka Kawangware hadi kwenye kamba za nguo,
soksi hazikauki, mbwa hawabweki,
na mimi, nisidanganye, nilifurahi:
baridi ya wengine ni mboga yangu.
Gunia zima liliisha kabla ya saa kumi jioni.

Nyaboke alikuja wa mwisho, mtoto mgongoni,
akataka mkebe mmoja, wa deni.
"Usinipe yale ya moshi, Mama Mutheu.
Chumba chenyewe ni kimoja, na Kerubo ana kifua."
Nikamchagulia, kwa mkono wangu huu,
makaa ya mgunga, mazito, yanayolia kama chuma.
Nikamwambia, kwa sauti ya mtu wa miaka kumi na saba kazini:
washia nje, pepea mpaka moshi uishe,
yakishashika yote, yakawa mekundu, ingiza ndani.
Hapo hayana neno.

Hapo hayana neno.
Maneno matatu. Sikumtoza hata shilingi.

Moshi, jamani, una adabu.
Hubisha hodi puani, hukutoa machozi,
hukushika shati, hukutupa nje ukakohoe.
Kinachobaki moshi ukishaisha hakibishi.
Hakina rangi, hakina harufu, hakikwaruzi koo.
Daktari kijana alituchorea kwa kidole juu ya meza:
damu ni mkokoteni, alisema,
hubeba hewa kutoka kifuani kuipeleka kichwani.
Huyu mwingine hudandia kwanza,
hashuki,
na hewa yenyewe inabaki sokoni ikiita.

Saa tatu usiku jirani alimsikia kupitia mabati:
"Kichwa kinanigonga. Miguu kama si yangu."
"Ni hii baridi," jirani akamjibu. "Meza dawa ulale."
Naye akalala. Alikuwa ameshaziba dirisha kwa gunia
(gunia langu, lina alama ya wino wa bluu)
na leso chini ya mlango, ameikunja vizuri,
jinsi mama anavyomfunika mtoto miguu.

Lavington, kwenye lango la watu,
Onchari alikuwa akitetemeka ndani ya koti la kampuni.
Alinieleza baadaye kilichompa nguvu usiku ule:
Wangu wako kwenye joto.

Saa kumi na mbili na nusu alibisha. Akabisha.
Mlango ulivunjwa na fundi wa viatu, kwa nyundo ya viatu.
Sufuria ya maharagwe bado ilikuwa jikoni, juu ya jivu jeupe.
Kerubo alikutwa kajiviringisha pembeni,
pua kwenye tundu la panya
ambalo mwenye nyumba aliahidi kuliziba tangu Pasaka.
Anapumua.
Mama yake, shangazi aliyemvisha mochari alisema,
alikuwa na mashavu mekundu
kama mtu aliyetoka kupepea moto.

Siku hizi nauza na sentensi nyingine:
jiko lisivuke kizingiti, lina moshi, halina moshi.
Kichwa kikikugonga, usitafute dawa kwanza, tafuta mlango.
Wateja wananicheka. Mmoja aliniuliza
kama nauza makaa au nauza matanga,
akavuka barabara kwenda kwa Kilonzi.

Onchari alikuja Agosti, jua limerudi,
Kerubo kamshika kidole
(bado majina yanampotea; mimi huniita Mama Nani).
Akatoa sarafu nane za kumi kumi.
"Deni la mkebe," alisema.
Sikuweza kuzipokea.
Naye hakuweza kuzirudisha mfukoni.
Zikabaki juu ya gunia, kati yetu,
hadi mtoto akaanza kuzihesabu,
moja, mbili, nne,
na vidole vyake vikawa vyeusi kama vyangu.